Ofisi ya wasaidizi wa kisheria, Ujiji: nendeni na wazee mapema

Baba yetu ameanza kusahau, na madalali walishaanza kumletea karatasi za shamba la michikichi ili asaini. Ndipo tukaenda hapa. Dada aliyetupokea hakuanza na sisi watoto. Alivuta kiti karibu na mzee, akamwuliza taratibu, "Shikamoo baba. Ungependa nani akushikie mambo yako?" Baba akamtaja dada yetu mkubwa bila kusita. Kwa hilo tu nawapa alama zote.

Alitueleza kwamba hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kumpa mtu mamlaka ya kukushikia mambo yako, lazima mzee aisaini akiwa bado anaelewa, mbele ya wakili, na kwamba akili ikishapotea hati hiyo nayo hukoma. Hapo inabidi kwenda mahakamani kuomba msimamizi wa mali zake chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, pamoja na ushahidi wa daktari. Hakuna aliyewahi kutuambia hivyo.

Ushauri ni bure kwa wasio na uwezo. Wakili mnalipa wenyewe. Foleni ni ndefu na benchi ni moja, kwa hiyo mzee mpelekeni asubuhi, akili ikiwa bado imetulia. Bebeni kitambulisho chake na karatasi za shamba.