Bima ya afya ya kazini kwangu: tathmini baada ya mwaka mmoja wa makato

Mwaka mzima wa 2025 nilikuwa kwenye bima ya afya inayotolewa na mwajiri wangu, kampuni ya maghala hapa Dallas, na naona nimeitumia vya kutosha kuitolea tathmini. Nilichukua mpango wa familia: mimi, mke wangu ambaye bado anasoma, na watoto wetu wawili.

Nianze na slipu ya mshahara, kwa kuwa inaieleza bima hii vizuri kuliko kijitabu chake chenye picha za watu wanaocheka. Kila baada ya wiki mbili, kwa saa 80, nalipwa dola 1,760. Jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato, na ile ya serikali kuu hainigusi kwa sababu ya watoto, kwa hiyo yanabaki makato matatu: hifadhi ya jamii dola 92.69, Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) dola 21.68 na bima ya afya dola 265. Bima peke yake inazidi mara mbili ya hayo mengine yakijumlishwa. Nafuu ipo, ila ni ndogo: fedha ya bima hutolewa kwanza, ndipo asilimia 7.65 ya hifadhi ya jamii na Medicare ikokotolewe kwenye dola 1,495 zinazosalia.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba makato haya hayaangalii kipato cha mtu. Msimamizi anayelipwa mara tatu yangu, akichukua mpango huu, anakatwa dola 265 zilezile. Kwa mtu aliyetoka Kenya, ambako tangu Oktoba 2024 mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi kwa ajili ya bima ya afya, jambo hili ni gumu kulizoea. Kwa mwaka nilitoa dola 6,890, yaani takriban asilimia 15 ya mapato yetu yote.

Na huduma yenyewe je? Mwezi wa Machi mwanangu alianguka na baiskeli akavunjika mkono. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya bima, juu yake imeandikwa kwamba hii si ankara (ankara ilifuata, haikukawia). Bei iliyokubaliwa kati ya bima na hospitali ilikuwa dola 2,940. Katika mpango wetu kila mwanafamilia hujilipia dola 2,000 za kwanza za matibabu kwa mwaka kabla bima haijaanza kuchangia, na kwa zilizobaki 940 sisi tulitoa sehemu moja ya tano, dola 188. Tukalipa 2,188, bima ikalipa 752. Chanjo na uchunguzi wa kila mwaka havikutugharimu kitu, kama sheria ya bima ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 inavyotaka.

Sitaki kumwonea mwajiri. Fomu ya kodi ya mwisho wa mwaka huonyesha gharama yote ya bima, na yangu ilisoma dola 25,400, maana yake kampuni ilitoa 18,510. Sheria nayo inaweka kikomo cha matumizi ya mfukoni, ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 18,400 kwa familia. Ugonjwa mkubwa ukiingia nyumbani, ukuta huo ndio unaozuia usiuze kila kitu.

Kosa langu lilikuwa kudhani mpango wa familia ndio njia pekee. Kumkatia bima mfanyakazi peke yake ni dola 58 tu, kwa kuwa kampuni hubeba sehemu kubwa zaidi ya gharama ya mfanyakazi kuliko ya wategemezi wake. Tangu 2023, mchango wa bima ya familia kazini ukizidi kiwango kilichowekwa cha mapato ya kaya, ambacho mwaka 2025 kilikuwa asilimia 9.02, mke na watoto wanaweza kuomba ruzuku katika soko la bima la serikali. Watoto wa kaya za kipato kama chetu wana pia mpango wa CHIP, yaani bima ya afya ya serikali kwa watoto. Hakuna aliyeniambia haya siku ya kujiandikisha, na mpango ukishauchagua huwezi kuubadilisha katikati ya mwaka pasipo tukio kama ndoa au uzazi.

Kwa mfanyakazi peke yake naipa nyota nne. Kwa familia yenye mshahara mmoja wa ghala, nyota mbili. Novemba nilibadilisha, na slipu ya kwanza ya Januari imeandikwa 58.