Case 6254: kisu cha kukunja kinachotaja mwaka wake

Kwa anayeanza kukusanya visu vya kukunja vya zamani, ningependekeza Case 6254 ya kampuni ya W.R. Case & Sons kutoka Bradford, Pennsylvania, kwa kuwa umri wake husomeka kwenye chuma chenyewe. Chapa imegongwa kwenye shina la bapa, pale linapoingia mpinini, na kioo cha kukuzia husaidia sana. Mwaka 1970 kampuni iliweka vitone 10 chini ya chapa, kisha ikawa inaondoa kimoja kila mwaka. Changu kina vitone 7, maana yake ni cha mwaka 1973. Mnunuzi awe makini, kwa sababu vitone 10 vilirudi mwaka 1980, ila safari hiyo herufi S ya neno CASE kwenye chapa ilichorwa kwa pembe kali mfano wa radi.

Namba nayo inasema: 6 ni mpini wa mfupa, 2 ni idadi ya mabapa, na 54 ni umbo la kisu.

Katika matumizi kinaridhisha. Springi bado ina nguvu, bapa hufunguka kwa mlio mkavu, na chuma chake cha kaboni hunoleka upesi, ingawa kisipofutwa na kupakwa mafuta hushika kutu. Kasoro kubwa ya changu ni bapa moja, ambalo limenolewa hadi likapungua upana, jambo linaloshusha thamani yake kwa mkusanyaji. Kwa kumenya matunda na kukata kamba, hata hivyo, nakiamini kabisa.