Picha za ndani zikikataa kuwa na rangi moja: cha kununua kabla ya kamera mpya

Ukipiga picha za harusi katika kumbi za Kisumu, shida hii unaijua. Picha tatu zimefuatana, bibi harusi yuleyule, gauni lilelile, lakini ya kwanza ni ya manjano, ya pili inavuta kijani, ya tatu buluu.

Kabla ya kushuka Oginga Odinga Street na pesa, anza na la bure. Stima yetu ni ya hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde na kila mmoja una vilele viwili, kwa hivyo taa nyingi hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Shata (muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde hukamata kipande tu cha huko kupepesa, na rangi ya kila kipande inaweza kutofautiana. Shusha hadi 1/100 au 1/50, kisha uitoe waiti balansi (mpangilio wa kamera wa kusawazisha rangi ya mwanga) kwenye oto. Shida ikibaki, nunua kwa mpangilio huu.

1. Balbu za aina moja, CRI 90 kwenda juu

Mwenye studio, duka au meza ya kupigia picha keki nyumbani asihangaike na kingine. Wengi huuliza wati na bei. Wewe geuza boksi utafute kelvini na CRI. Kelvini ni rangi ya mwanga wenyewe: 2700 ni umanjano, 6500 ni weupe unaoelekea buluu. CRI ni uaminifu wa mwanga huo kwa rangi za vitu, na kilele chake ni 100. Balbu nyingi za bei nafuu ziko karibu na 80, na nyekundu ndiyo huumia kwanza: ngozi inapauka, kitenge chekundu kinafanana na udongo. Boksi lisilotaja CRI, mimi hulirudisha.

Mwambie mwenye duka akuwashie, kisha usogeze kamera ya simu karibu na balbu. Ukiona mistari myeusi ikitembea kwenye skrini, iache hapohapo. Nunua zote kwa pamoja, za kampuni moja na kelvini moja, na ujue kama holda zako ni za pini au za skrubu.

2. Kadi ya kijivu

Ni rahisi kubeba na haihitaji chaji. Mpe bibi harusi aishike karibu na uso, ipige picha, kamera ichukue kipimo chake cha waiti balansi hapo. Karatasi ya daftari si mbadala, kwani nyingi hutiwa dawa ya kung'arisha inayovuta buluu. Sijaipa namba moja kwa sababu hupima mwanga mmoja tu. Ukumbi ukiwa na balbu za manjano mbele na jua linapenya mabati ya plastiki juu, kadi itaokoa upande mmoja na kuutupa mwingine.

3. Flashi na jeli ya chungwa

Hii ni ya watu wa matukio. Flashi hutoa takriban kelvini 5500, balbu za manjano karibu 3000. Bila jeli, yaani plastiki ya rangi inayofunika flashi, nyuso zinatoka vizuri lakini ukuta wa nyuma unakuwa rangi ya chungwa. Ivalishe flashi jeli, weka kamera kwenye kelvini 3200, vyote vinapatana. Jeli ni kipande cha plastiki tu, usiuziwe kama dhahabu. Ukinunua flashi ya mtumba, kaa mbali na zile za enzi za filamu: baadhi hurudisha volti nyingi kwenye kamera na kuiunguza.

4. Paneli ya LED ya betri

Inafaa kwa mahojiano na picha za karibu, hasa stima ikipotea. Ukumbi mkubwa huimeza.

5. Kamera mpya

Baadhi ya kamera mpya husubiri taa ifike kileleni ndipo zipige, na hilo husaidia. Lakini mwanga mchanganyiko utabaki mchanganyiko. Ukinunua iliyotoka Marekani, ingia kwenye menyu uondoe hezi 60 uweke 50 kabla hujairekodia video yoyote ya kazi.