Kozi ya Kifarsi kwa wanaoanza: vitenzi wamevipatia, Kifarsi cha mtaani hamna

Hii kozi nimelipia mwenyewe, dirham 120 masomo 12, sababu niko Deira, Dubai, kwenye mambo ya kargo na wateja wangu nusu ni Wairani, nikachoka kuongea nao kwa kalkuleta na vidole.

Wanaanza na mpangilio wa sentensi na hapo kichwa kinauma kidogo, kitenzi kinakaa mwisho kabisa, man ketab mikhanam, yaani mimi kitabu nasoma. Wiki nzima kitenzi changu kinashuka kabla ya kituo. Ila kunyambua hivyo vitenzi vyenyewe, kwa Mswahili ni mteremko jamani, sisi ni-na-soma wao mi-khan-am, ile mi ndo kama na yetu, mtu anahamia mkiani: am mimi, i wewe, ad yeye, im sisi, id nyinyi, and wao. Kukataa unabandika ne mbele, nemikhanam, sisomi. Na yeye ni u, awe mke awe mume, kama kwetu tu.

Kinachosumbua, kila kitenzi kina mashina mawili, la jana na la sasa, na mengine hayafanani hata kidogo. Kuona ni didan, niliona didam, afu ninaona inakua mibinam, sasa hiyo bin imetokea wapi? Mwalimu anasema kariri. Nimekaa nayo siku mbili ndo nikashtuka, darubini! Dur ni mbali, bin ni ona, neno tunalo nyumbani miaka yote na kozi haijaligusa.

Lawama yangu sasa. Nilimwambia mzee mmoja mteja "man be bazar miravam", yaani mimi kwenye soko naenda, akacheka mpaka akaweka chai chini, kumbe nimeongea kama nasoma taarifa ya habari. Watu wanasema miram bazar, basi. Man imedondoka, be haipo, miravam imekatwa, na soko limekaa NYUMA ya kitenzi, baada ya wiki nzima ya mimi kuhangaika kukipeleka mwisho!! Hata ile ad mdomoni ni e tu, anaenda ni mire. Masomo yote 12 hayo hayamo, nimewaandikia wakanijibu yapo kozi ya pili, ya kulipia.

Nyota 3, kwa anayetaka kusoma na kuandika inatosha. Ya pili sinunui, mzee ananifundisha bure, shida yake nikikosea anaita na wa duka la jirani waje wasikie.