Intaneti ya Nyumbani ya Bei ya Chini Nairobi: Ipi Ununue, Ipi Uache

Malalamiko ya wateja wa vifurushi vya kuanzia yanafanana mtaa hadi mtaa. Asubuhi mambo shwari. Ikifika saa mbili usiku mpira unaganda mshambuliaji akiwa ndani ya boksi, katuni ya mtoto inazunguka tu, na ukiwapigia huduma kwa wateja unaambiwa uzime ruta halafu uiwashe tena. Wengi huona dawa ni kupanda kifurushi, na wauzaji hawawezi kukukataza. Mimi naona pesa nyingi hupotea hapo. Kabla ya kuongeza hata shilingi, angalia intaneti inaingia kwako kwa njia gani na mnaigawana wangapi saa hiyo. Ndiyo maana nimepanga orodha hii kwa swali moja: ukiwa na shilingi elfu tatu hivi kwa mwezi, njia ipi itahimili saa mbili usiku?

Kwanza hesabu ndogo, maana bango limewapotosha wengi. Mbps, kipimo cha kasi, ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti. Ukitaka megabaiti, gawanya kwa nane. Kifurushi cha Mbps 15 kikienda kasi yake yote kinakuletea chini kidogo ya megabaiti mbili kwa sekunde, kwa hiyo faili la GB 1 litachukua kama dakika tisa. Hilo si tatizo la kampuni, ndivyo ulivyonunua. Kisha kuna lile neno "hadi" lililoandikwa kwa herufi ndogo. "Hadi Mbps 15" ni kama kibao cha mwendo pale Thika Road: kinakuambia usizidi hapo, hakikuahidi kwamba jioni ya Ijumaa utafika kasi hiyo.

Je, Mbps 15 zinatosha? Kwa nyumba ya watu watatu au wanne, zikifika kweli, zinatosha. Netflix wenyewe wanapendekeza Mbps 5 kwa picha safi ya 1080p na Mbps 15 kwa ile kali zaidi ya 4K. Maana yake televisheni moja iliyoachwa kwenye 4K inaweza kumeza kifurushi chote huku wewe ukijiuliza kwa nini kikao cha Zoom kinakatika. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, shusha ubora wa picha, na uone kama bado kuna ugomvi.

1. Faiba, kama imefika kwenye jengo lako

Faiba ni intaneti inayoletwa kwa waya wa nyuzi za kioo, na hapa sina mjadala mrefu. Kwa bei ya chini, waya bado unashinda kila kitu kinachopita hewani. Bei za mjini zimekuwa zikisukumwa na ushindani: Septemba 2024 Safaricom walipandisha kifurushi chao cha chini kutoka Mbps 10 hadi 15 bila kugusa bei ya shilingi 2,999. Zuku na JTL, ambao huduma yao nayo inaitwa Faiba, wapo pia, ingawa mara nyingi hutachagua wewe. Mwenye jengo ameshaelewana na kampuni moja, waya umeshapita ngazini, na hizo nyingine utazisikia redioni tu. Uliza hilo kabla hujalipa kodi ya nyumba, siyo baada ya kuhamia.

Faiba ya nyumbani hugawanywa. Uzi mmoja kutoka kwa kampuni hupita kwenye kigawanyio na kuhudumia nyumba 32, wakati mwingine 64, zikishiriki kama Gbps 2.5 (yaani Mbps 2,500) za kushusha. Kwa vifurushi vidogo huo ni mgao wa ukarimu, kwa hiyo jioni ikizorota msongamano kwa kawaida uko mbele zaidi, kwenye njia ambazo kampuni imenunua kuhudumia mtaa mzima. Muuzaji wa mlangoni hawezi kukwambia hayo. Jirani wa ghorofa ya tatu anaweza. Mwombe apime kasi mbele yako saa mbili usiku, na umuulize pia ilipokatika mara ya mwisho fundi alichukua siku ngapi kuja.

Mambo mengine ya kuuliza: kasi ya kupakia ni ngapi, hasa kama unafanya kazi nyumbani, maana video yako kwenye kikao inapanda, haishuki. Na hilo neno "bila kikomo", masharti yake yanasemaje? Vifurushi vingi vina kiwango ambacho ukikipita kabla ya mwezi kuisha kasi inashushwa.

Sasa mteja wa faiba anayelalamika, nusu ya wakati adui yake yuko sebuleni. Ruta imefichwa nyuma ya televisheni, au ndani ya kabati ili isiharibu sura ya nyumba. Fleti za Roysambu au Pipeline zina ruta kila mlango, na zote zinagombania masafa ya 2.4 GHz, ambayo yana chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Hamia 5 GHz kwa vifaa vilivyo chumba kimoja na ruta. Haipenyi ukuta wa mawe vizuri, lakini haina msongamano ule. Na kabla ya kumlaumu mtu, chukua kompyuta, ichomeke kwenye ruta kwa waya wa mtandao na upime. Ikisoma 14 kwa waya na 3 kwa Wi-Fi, kifurushi hakina kosa. Ikisoma 3 kwa waya, piga picha ya skrini yenye saa, fanya hivyo jioni kadhaa, halafu ndipo upige simu. Ukiona taa iliyoandikwa LOS inawaka nyekundu, acha kuzima na kuwasha: waya umekatika au umekunjwa mahali, anatakiwa fundi.

2. Ruta ya 5G au 4G

Faiba haijafika, au unahama kila mwaka? Hii ndiyo yako. Safaricom walifungua 5G kibiashara mwaka 2022, Airtel wakafuata 2023, na siku hizi kuna vifurushi vya mwezi vinavyouzwa kwa kasi badala ya GB. Udhaifu wake ni mnara. Mnagawana na kila simu iliyo karibu, na mtaa ukijaa watu jioni, utahisi.

Usinunue kwa ramani ya kampuni. Azima simu ya 5G yenye laini ya mtandao huo, simama nayo dirishani unapotaka kuweka ruta, pima usiku. Ghorofa ya tano inayotazama mnara na ya chini iliyozibwa na jengo jirani ni biashara mbili tofauti kabisa. Uliza pia kama ruta imefungwa kwa mtandao mmoja, na kama ukihamia Kitengela utaruhusiwa kuitumia kule.

3. Starlink

Ningekuwa naandikia mtu wa Laikipia au Kitui, hii intaneti ya satelaiti ingekuwa namba moja bila ubishi. Satelaiti zake ziko kilomita 550 hivi juu, wakati zile za zamani za intaneti zilikuwa karibu kilomita 36,000, ndiyo maana unaweza kupiga simu ya video bila kusubiriana. Lakini Nairobi? Ilianza Kenya Julai 2023, na kufikia Novemba 2024 walisitisha kuandikisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Walifungua tena katikati ya 2025. Tukio hilo linakufundisha kwamba angani pia watu hubanana.

Halafu kuna umeme, jambo ambalo wanunuzi husahau. Sahani ya kawaida ikila wati 75 usiku na mchana, kwa mwezi ni yuniti 54 za tokeni. Ongeza bei ya vifaa, ongeza mwenye nyumba anayetaka barua kabla ya mtu kupanda paa lake.

4. Wi-Fi ya mtaani

Kuna kampuni halali kama Poa Internet zinazohudumia mitaa kama Kibera na Kawangware kwa bei ambayo faiba ya kawaida haishuki. Kwa mtu mmoja na simu yake, au mwanafunzi, inatosha. Tofauti yake ni yule kijana aliyenunua laini moja ya faiba na kuwauzia majirani ishirini. Ni rahisi, na anakuja haraka kuliko fundi wa kampuni, lakini siku akihama hakuna wa kumdai. Mlipe kwa wiki, si kwa mwezi.

5. Bando la simu

Kwa anayeishi peke yake na kurudi nyumbani kulala tu. Ukianza kuunganisha televisheni kwenye simu, umeshahama daraja, na GB utakazokuwa ukinunua zitapita bei ya faiba kabla ya tarehe kumi na tano.

Jambo la mwisho kabla hujavunja mkataba kwa hasira. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika, na watu wa Kenya, Tanzania na Uganda wakakaa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Ikitokea hivyo tena, muulize kwanza jirani aliye na kampuni nyingine. Naye akiwa amekwama, weka pesa yako ya kuhama mfukoni mpaka meli ya matengenezo imalize kazi.