Programu ya kujaribia saketi yenye multimita: ipi imfae mwanafunzi au fundi wa Mtwara na Lindi

Mwanafunzi wa umeme wa VETA Mtwara au VETA Lindi, na hata fundi wa Masasi au Nachingwea anayetaka kujinoa, anapotafuta programu ya kuchorea na kujaribia saketi kwenye kompyuta, mara nyingi huishia kuchukua ile ambayo mwenzake anayo kwenye flashi. Ningependa achague kwa kigezo kingine kabisa, nacho ni iwapo multimita (kipimo cha volti, ampia na omu) iliyomo ndani ya programu inamzoeza kupima kama atakavyopima akiwa mbele ya saketi yenyewe. Kigezo cha pili ni iwapo programu inafanya kazi bila intaneti, kwa sababu Mei 2024 nyaya za mawasiliano zinazopita chini ya bahari zilipokatika, mtandao ulisumbua nchi nzima, na aliyetegemea programu ya mtandaoni peke yake alilazimika kusubiri.

Kwa anayeanza, nafasi ya kwanza naipa PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ni ya bure, na faili lake la saketi za DC (umeme wa mkondo mnyoofu, kama wa betri) ukishalipakua mara moja unalifungua kwenye kivinjari bila kutumia bando. Voltimita yake ina ncha nyekundu na nyeusi za kugusisha pointi mbili za saketi, ilhali ammita yake (kipimo cha mkondo) ya kuunga kwenye saketi hukulazimu ukate njia ya umeme na kuiingiza katikati, jambo ambalo wanafunzi wengi hulisoma darasani na kulisahau wakishika mita. Anayeunga ammita hiyo moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri huiona betri ikiwaka moto kwenye kioo. Kosa hilo hilo kwenye mita ya kushika mkononi huunguza fyuzi, na mita nyingi za bei nafuu hazina fyuzi kabisa kwenye tundu la ampia 10, kwa hiyo ni afadhali likosewe kwenye kompyuta kwanza. Upungufu wake ni kwamba haina transista wala maikrokontrola (chipu ndogo inayoandikiwa programu), na anayesonga mbele ataihitaji programu nyingine.

Nafasi ya pili ni Multisim ya National Instruments, kampuni ambayo tangu 2023 iko chini ya Emerson. Hii ni ya kulipia na inahitaji Windows, lakini kwa upande wa multimita pekee sijaona inayoizidi. Kifaa chake kinapima ampia, volti, omu na desibeli, kwa AC (umeme wa mkondo geu, kama wa nyumbani) na kwa DC, na zaidi ya hayo kinakuruhusu kubadilisha ukinzani wa ndani wa mita yenyewe. Thamani ya jambo hilo inaonekana katika mfano mdogo. Unga rizista mbili za megaomu 1 kwa mfululizo kwenye betri ya volti 9, kisha pima volti za rizista moja. Hesabu inasema volti 4.5, na multimita ya Multisim, ambayo ukinzani wake wa kuanzia ni gigaomu 1, inasoma karibu hapo hapo. Sasa ingia kwenye mpangilio wa mita, weka megaomu 1, ambao ndio ukinzani wa mita ndogo za aina ya DT-830 zinazouzwa kwa wingi, na usomaji unashuka hadi volti 3. Saketi haina ubovu wowote. Ni mita iliyojiunga sambamba na rizista na kuvuta sehemu ya mkondo. Fundi asiyelijua hili anaweza kubadilisha kifaa kizima bila sababu.

Ya tatu ni Tinkercad ya Autodesk, ambayo ni ya bure na inatumika kwenye kivinjari baada ya kufungua akaunti. Multimita yake hupima volti, ampia na omu, na Arduino Uno, ubao mdogo wenye maikrokontrola, imo ndani yake. Ningeipandisha nafasi kama isingehitaji intaneti muda wote.

Proteus ya Labcenter ya Uingereza inakuja ya nne, ingawa kwa kazi za maikrokontrola inapendwa sana. Toleo lake la majaribio halikuruhusu kuhifadhi kazi yako, na vipimo vyake vya kawaida vimetenganishwa: voltimita ya DC peke yake, ya AC peke yake, na ammita vivyo hivyo. Hapo pana jambo la kuangaliwa: chanzo cha mawimbi kwa kawaida hupewa thamani ya kilele, ilhali voltimita husoma thamani fanisi (RMS), kwa hiyo ukiandika 230 ukidhani ni umeme wa nyumbani, voltimita ya AC itasoma takribani volti 163, kwa kuwa kilele cha umeme wa volti 230 ni takribani 325. LTspice, ambayo ni ya bure, hufuata utaratibu huo huo wa kilele, ila nimeiacha nje ya orodha kwa kuwa haina multimita ya kuonekana. Unabofya waya na grafu inajitokeza.

Nakala za kulipia zilizovunjwa leseni, zinazogawiwa kwa flashi, naomba zikataliwe, kwani zinaweza kubeba virusi, na maelekezo ya kuzisakinisha mara nyingi hukutaka uzime kinga ya kompyuta kwanza. Wala hakuna haja ya mwanafunzi kusubiri mzazi alipwe fedha za korosho ndipo aanze: achukue PhET leo, aongeze Tinkercad anapopata bando, na fedha za awali zinunue mita ya mkononi. Multimita ya Multisim ifuate pale chuo kinapokuwa na leseni yake, au pale kazi yenyewe inapoweza kurudisha gharama, na kabla ya kulipa aulize bei, muda wa leseni, na iwapo itaendelea kufunguka kompyuta ikiwa haina mtandao.