Uzoefu wangu wa kuhama kutoka Yoast SEO kwenda Rank Math: data huvuka salama, hatari iko kwenye mipangilio

Yoast SEO na Rank Math ni plagini (programu-jalizi) za WordPress zinazosaidia tovuti ionekane vizuri kwenye injini za utafutaji. Nianze na hukumu. Kifaa cha kuhamisha data kilichomo ndani ya Rank Math kinafanya kazi nzuri, na kwa anayetoka Yoast SEO nakipendekeza bila kusita. Vichwa vya kurasa, maelezo mafupi, maneno makuu na anwani za kanonikali (anwani rasmi ya ukurasa unaopatikana kwa anwani zaidi ya moja) huvuka hata kwenye toleo la bure. Lakini tovuti inayoporomoka kwenye Google baada ya kuhama, mara nyingi maelezo yake mafupi yapo yote. Kilichoiangusha ni anwani zilizobadilika, au kundi zima la kurasa lililowekewa noindex, amri ya kuizuia Google isiuorodheshe ukurasa, bila mtu kugundua. Mambo hayo mawili hukaa kwenye mipangilio ya jumla ya plagini, nje ya makala zenyewe. Huko ndiko ninakotumia muda mwingi ninapofanya kazi hii.

Lengo ni moja: Google ikirudi kutembelea tovuti isione tofauti yoyote. Kichwa kilekile, anwani ileile, amri zilezile za robots, yaani zinazoiambia injini ya utafutaji ifanye nini na ukurasa. Maboresho yasubiri. Ukihama plagini, ukabadilisha themu na kurekebisha slagi (sehemu ya mwisho ya anwani) za makala ndani ya wiki moja, trafiki ikishuka hutajua umlaumu nani.

Kabla ya kugusa chochote

Chukua nakala rudufu ya hifadhidata na mafaili. Kwa mwenye WP-CLI (kifaa cha kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi), amri ya `wp db export kabla.sql` inamaliza upande wa hifadhidata. Kisha piga picha ya tovuti kama Google inavyoiona: itambaze kwa Screaming Frog, programu inayopita tovuti ukurasa kwa ukurasa, ambayo bila leseni hufika anwani 500, na uhifadhi jedwali lenye anwani, kodi ya hali (namba ya jibu la seva, kama 404 ya ukurasa usiopatikana), kichwa, maelezo mafupi, kanonikali na robots. Jedwali hili ndilo ushahidi wako wa baadaye. Anayeliruka atabaki kukisia kama kichwa fulani kilikuwa hivyo tangu awali au kimeharibika.

Pitia pia mipangilio ya Yoast ukurasa kwa ukurasa na upige picha za skrini. Zingatia alama inayotenganisha kichwa na jina la tovuti, kiolezo cha kichwa kwa kila aina ya maudhui, aina zilizofichwa kwenye injini za utafutaji, hali ya kurasa za viambatisho vya picha, na kama neno «category» limeondolewa kwenye anwani za kategoria.

Jambo moja husahaulika sana: uthibitisho wa umiliki kwenye Google Search Console, huduma ya Google inayoripoti hali ya tovuti kwenye utafutaji wake. Kama tovuti ilithibitishwa kwa kodi iliyobandikwa ndani ya Yoast, kodi hiyo hutoweka pale plagini inapozimwa, na kama ndiyo njia pekee, umiliki wako hufutika baadaye. Thibitisha kwa rekodi ya DNS (mipangilio ya jina la tovuti) mapema. Hiyo haitegemei plagini yoyote.

Data inakaa wapi, na kwa nini hilo ni muhimu

Yoast huhifadhi maelezo ya kila makala kwenye jedwali la `wp_postmeta`, kwa majina kama `_yoast_wpseo_title`, `_yoast_wpseo_metadesc` na `_yoast_wpseo_canonical`. Rank Math hutumia jedwali hilohilo kwa majina yake: `rank_math_title`, `rank_math_description`, `rank_math_canonical_url`. Kazi ya kifaa ni kunakili kutoka jina moja kwenda jingine, na data ya zamani hubaki ilipo. Ndiyo maana kurudi nyuma ni rahisi: zima mpya, washa ya zamani. Ila makala zilizohaririwa kwa Rank Math baada ya kuhama hazitakuwa na mabadiliko hayo ndani ya Yoast.

Kategoria na tagi ni habari nyingine. Yoast huyaweka maelezo yake yote pamoja ndani ya `wp_options`, kwenye rekodi iitwayo `wpseo_taxonomy_meta`, ilhali Rank Math huyaweka kwenye `wp_termmeta`. Rekodi hiyo moja imefungashwa kwa mtindo wa PHP, ambapo kila kipande cha maandishi hutanguliwa na idadi ya baiti zake. Ukiihariri kwa mkono kwa SQL na idadi ikapishana na maandishi, rekodi yote haisomeki tena. Mwachie kifaa kazi hiyo.

Halafu kuna violezo. Makala nyingi hazina kichwa chake binafsi cha SEO, hufuata kiolezo. Yoast huandika `%%title%% %%sep%% %%sitename%%`, alama mbili za asilimia kila upande. Rank Math hutumia moja: `%title% %sep% %sitename%`. Ubadilishaji wa kawaida hufanyika wenyewe. Chunguza kwa makini vichwa vinavyovuta sehemu maalumu (custom fields): Yoast huandika `%%cf_bei%%` kwa sehemu iitwayo bei, Rank Math huandika `%customfield(bei)%`. Kichwa kikitokea kwenye kichupo cha kivinjari kikiwa na alama za asilimia, kigezo hicho hakikutafsiriwa.

Kuhama kwenyewe

Fanyia kwanza kwenye tovuti ya majaribio, kisha urudie hatua zilezile kwenye tovuti halisi. Sishauri kusukuma hifadhidata ya majaribio juu ya ile halisi, kwa sababu maoni na oda zilizoingia katikati hufutika. Tena tovuti ya majaribio huwa imewekewa ombi la kuzizuia injini za utafutaji kwenye mipangilio ya kusoma ya WordPress. Likisafiri na hifadhidata, tovuti yote inaingia kwenye noindex kwa tiki moja. Mipangilio uliyoitengeneza kwenye majaribio unaweza kuitoa kama faili la JSON na kuiingiza kwenye tovuti halisi.

Chagua saa yenye wageni wachache. Sakinisha na uwashe Rank Math, na mwongozo wa kuanzia utaitambua Yoast na kujitolea kuhamisha data. Ukiupita, kifaa kipo Rank Math, Status & Tools, kichupo cha Import & Export. Utaona visanduku vya mipangilio, maelezo ya makala, maelezo ya kategoria, ya waandishi, na uelekezaji (kumpeleka mgeni kutoka anwani ya zamani kwenda mpya). Tia tiki vyote. Sababu ya kawaida ya kategoria kubaki tupu ni kisanduku chake kuachwa.

Mwongozo huo utakuuliza pia kuhusu kuweka noindex kwenye kategoria na tagi zisizo na makala, kuweka nofollow kwenye viungo vya nje, na kufungua viungo vya nje kwenye dirisha jipya. La kwanza halina madhara kwa tovuti nyingi. La pili liache limezimwa, maana hakuna faida ya kuinyima imani kila tovuti unayoitaja. Chochote ambacho Yoast haikuwa inakifanya, usikiwashe leo.

Uhamishaji ukiisha, zima Yoast papo hapo. Plagini mbili zikiwa hai pamoja, kila ukurasa hutoa maelezo mafupi mawili, kanonikali mbili na skima mbili (skima ni data inayoielezea Google maudhui ya ukurasa). Kanonikali zikipingana, Google huamua yenyewe. Amri za robots zikipingana, Google hufuata iliyo kali zaidi, kwa hiyo noindex ya plagini moja hushinda index ya nyingine. Muda wa zote mbili kuwa hai uhesabiwe kwa dakika. Safisha kache zote: ya plagini, ya seva, na ya CDN (mtandao wa seva za kusambaza tovuti).

Sehemu zinazoleta maafa

Ya kwanza ni anwani za kategoria. Kama Yoast ilikuwa imeondoa «category» kwenye anwani, Rank Math ina swichi yake ya kazi hiyo, iitwayo Strip Category Base. Isipowashwa, kila anwani ya kategoria inabadilika kwa mkupuo. Baada ya kuigusa, nenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu ya WordPress na ubonyeze kuhifadhi bila kubadilisha kitu, ili kanuni za anwani ziandikwe upya. Kwa maduka ya WooCommerce, tahadhari ni ya upande wa pili: Rank Math inaweza kuondoa neno la «product» kwenye anwani za bidhaa. Linavutia machoni, lakini ukiliwasha wakati wa kuhama unabadilisha anwani ya kila bidhaa. Liache.

Ya pili ni kategoria kuu. Makala iliyo kwenye kategoria mbili huwa na moja iliyoteuliwa kuwa kuu, na muundo wa anwani ukiwa na `%category%`, uteuzi huo ndio unaounda anwani. Chukua makala kadhaa za aina hiyo, ulinganishe anwani na jedwali lako.

Ya tatu ni noindex. Yoast huandika 1 kwenye `_yoast_wpseo_meta-robots-noindex` kwa ukurasa uliofichwa, na 2 kwa ukurasa ulioruhusiwa waziwazi. Usio na thamani hufuata chaguo la jumla la aina yake, na kurasa nyingi za tovuti ziko kundi hili la mwisho. Chaguo la jumla likipotea, kurasa za tagi zilizokuwa zimefichwa zinafunguka kwa mamia, au kinyume chake, aina nzima ya maudhui inafungwa. Fungua Titles & Meta na upitie kila aina ya maudhui, kila kategoria na kila tagi, ukilinganisha na picha za skrini. Hii ndiyo kazi ninayoiona ya thamani kuliko zote, ingawa inachosha.

Ya nne ni uelekezaji. Uelekezaji uliotengenezwa ndani ya Yoast Premium hufanya kazi Yoast Premium ikiwa hai. Utoe kwanza uelekezaji huo kama faili la CSV kwa usalama, kisha uuingize, na hakikisha moduli ya Redirections ya Rank Math imewashwa. Moduli ikiwa imezimwa, orodha inaweza kuwa kamili na isielekeze mtu yeyote.

Themu nayo ina yake. Inayoonyesha njia ya kurasa (mfululizo wa viungo unaomwonyesha mgeni alipo ndani ya tovuti) kwa `yoast_breadcrumb()` au kwa `[wpseo_breadcrumb]` huenda ikapoteza njia hiyo. Mbadala ni `rank_math_the_breadcrumbs()` na `[rank_math_breadcrumb]`. Na kama makala zina bloku za maswali na majibu za Yoast, kwenye Database Tools kuna kibadilishaji cha bloku hizo. Usitegemee zirudishe mapambo ya maswali kwenye matokeo ya Google, kwani tangu Agosti 2023 Google iliyabana kwa tovuti za serikali na afya zinazoaminika.

Ramani ya tovuti

Kwenye ramani hii, faili linaloziorodheshea injini za utafutaji anwani za tovuti, Rank Math ina nafuu kubwa: Yoast hutumia `sitemap_index.xml`, na Rank Math hutumia jina hilohilo. Ndani yake mgawanyo ni tofauti, kwa kuwa Yoast huweka hadi viungo 1,000 kwa faili na Rank Math huanza na 200, hivyo mafaili ya ndani yanaongezeka. Kama ulituma mafaili ya ndani mojamoja Search Console, yaondoe na ubakize faili kuu. Anayehamia All in One SEO atakutana na `sitemap.xml`, na SEOPress hutumia `sitemaps.xml`, huko ni lazima kutuma upya na kuielekeza anwani ya zamani kwenye mpya.

Ramani ikileta 404, hifadhi upya viungo vya kudumu. Kwenye seva za Nginx huenda kanuni za anwani zikahitaji kuongezwa kwenye mipangilio ya seva. Angalia pia `robots.txt`: kama lipo faili halisi kwenye seva, unachoandika kwenye kihariri cha plagini hakina nguvu.

Kuhakiki

Tambaza tovuti tena na uweke majedwali mawili ubavuni. Safu ya robots iwe ya kwanza, kisha kodi ya hali, kanonikali, halafu vichwa. Alama ya kutenganisha ikiwa imebadilika, kila kichwa kitatofautiana. Rudisha alama ya zamani uone tofauti zikiyeyuka.

Kwa hifadhidata, hesabu rekodi za `_yoast_wpseo_metadesc` zenye maandishi, kisha za `rank_math_description`. Idadi ya pili isiwe pungufu. Ikipungua, uhamishaji ulikatika njiani, mara nyingi kwa sababu ya muda au kumbukumbu ya PHP kuisha kwenye tovuti kubwa. Rudia.

Fungua msimbo wa ukurasa wa mwanzo, wa makala na wa kategoria, utafute maelezo mafupi na kanonikali: kila kimoja kiwe mara moja tu. Ukiona bado mistari ya Yoast ya kujitambulisha (HTML comments) ndani ya msimbo, kache haijasafishwa.

Alama za SEO zilizo pembeni ya kila makala zitabadilika, na wahariri watashtuka. Watulize. Ni vipimo vya plagini, Google haivisomi.

Wiki zinazofuata, fuatilia ripoti ya kurasa ndani ya Search Console, hasa zilizoondolewa kwa noindex na zenye 404. Google hurudi kwa mwendo wake, kwa hiyo kosa la leo linaweza kujitokeza baada ya siku nyingi. Data ya Yoast iache mpaka ripoti itulie. Kuifuta plagini hakuisafishi `wp_postmeta`. Rekodi zinazoanza na `_yoast_wpseo_` hubaki mpaka uzifute mwenyewe, na kabla ya hapo chukua nakala rudufu nyingine.